Kabila na Kiti katika Okestra ya Taarabu

Kisiwani Mafia, walikokaa pamoja Wambwera, Wapokomo, Wagunya na Waarabu, kuchanganya makabila katika okestra kwaweza kuonekana si jambo la kujadiliwa. Lakini Mafia ilikuwa chini ya Sultani wa Zanzibar hadi 1890, na ni katika jumba la Sultani huyo taarabu ilikolelewa.

Kilipoundwa chama cha Ikhwani Safaa mwaka 1905, nyimbo zake zilikuwa za Kiarabu. Haikuhitajiwa sheria ya kumzuia mtu. Lugha yenyewe ilitosha kuwa bawabu. Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba na wa ukoo wa watumwa, aliimba kwa Kiswahili (Kiarabu nacho hakikumshinda), na mwaka 1928 sauti yake ikatiwa katika santuri huko Bombay.

Baadhi ya okestra za Ulaya na Marekani huweka pazia kati ya mpiga fidla na waamuzi, wasikie pasipo kuona. Ni jambo la haki, ila ni haki haba. Pazia huficha uso. Halihoji ni muziki wa nani utakaopigwa.

Kidumbaki chadhihirisha hayo. Humo fidla huandamana na ngoma mbili ndogo na sanduku lenye uzi. Wapigaji wa Culture Musical Club, kilichoanza 1958, wamevipiga vyote viwili. Vidole ni vile vile, wala kabila halikubadilika. Hata hivyo kidumbaki huhesabiwa jamaa maskini wa taarabu.