Kisima Bila Mtemi: Distopia ya Vitabu Teule na Msomaji wa Voi

Wahakiki wanapotaja distopia, yaani bunilizi ya nchi ambamo dola imemmeza raia, aghalabu hukimbilia Ulaya. Humtaja George Orwell, ambaye kisa chake cha wanyama kilifasiriwa kwa Kiswahili na Fortunatus Kawegere mwaka 1967, kisha wakalalamika kwamba vijana wetu hawana vitabu vya aina hiyo. Makala haya yanashikilia kwamba wanavyo, tena wamelazimishwa kuvisoma. Kwa miaka mingi kabla ya 2023, mwanafunzi wa Kenya alifika kidato cha nne akiwa na nchi ya kubuni mkobani: Butangi ya Kithaka wa Mberia katika Kifo Kisimani (2001), Cheneo ya Timothy Arege katika Mstahiki Meya (2009), na baadaye Sagamoyo ya Pauline Kea katika Kigogo. Zote tatu ni nchi za vitisho, njaa na uongo rasmi. Swali basi si kama distopia ya vijana ipo, bali inamfundisha kijana nini kuhusu uraia. Tutaliuliza swali hilo tukiwa Voi, kwa sababu ya maji.

Katika Kifo Kisimani, kisima ni cha watu wa Butangi lakini idhini ya kukitumia imo mikononi mwa Mtemi Bokono. Mwelusi anayadai maji pamoja na haki nyingine, anaandamwa, na hatimaye anauawa na Gege, ndugu yake wa damu, aliyerubuniwa na watawala. Msomaji aliyelelewa Pwani hatakosa kuisikia hapa sauti ya Fumo Liyongo, aliyesalitiwa na mwanawe na kufia kisimani, akiwa amepiga goti na upinde mkononi hata watu wakaogopa kuteka. Urithi huo ndio unaoipa tamthilia uzito wake. Mwandishi amechukua masimulizi ya shujaa na kuyageuza kuwa masimulizi ya raia: Liyongo ni mtu wa nguvu zisizo za kawaida, ilhali Mwelusi hana silaha ila hoja. Huu ni ufundi wa hali ya juu, na hatukubaliani na wale wanaoiona kazi hii kuwa hotuba ya kisiasa iliyovishwa majoho ya jukwaa.

Hata hivyo, tumweke msomaji wa miaka kumi na saba mjini Voi. Katika wilaya aliyozaliwa, ambayo leo ni Kaunti ya Taita Taveta, zipo chemchemi za Mzima. Maji yake huchujwa na miamba ya volkeno ya vilima vya Chyulu, kisha huzuka yakiwa maangavu ndani ya Tsavo Magharibi. Tangu miaka ya 1950 bomba limekuwa likiyachukua maji hayo kuyapeleka Mombasa, mwendo wa zaidi ya kilomita 200. Voi imo njiani na hupata fungu lake, lakini dumu la maji la kununua si jambo geni kwa mkazi yeyote wa mji huo. Zaidi ya hayo, mbuga ya Tsavo, iliyotangazwa mwaka 1948, inameza takriban asilimia 62 ya eneo la kaunti. Sehemu kubwa ya ardhi iliyosalia yenye rutuba ya tambarare ni mashamba ya mkonge, kama yale ya Mwatate na Voi yenyewe. Msomaji huyu anajua barabara maana ya kukaa karibu na maji yasiyo yako. Anapofungua tamthilia hii, anaitambua Butangi kabla ya kufika onyesho la pili.

Kisha anauliza: Bokono wetu ni nani?

Hapo ndipo kitabu kinaponyamaza. Mpaka wa mbuga ulichorwa na serikali ya kikoloni na ukarithiwa na serikali huru. Bomba lilichimbiwa na watu waliokwisha kufa. Hati za mashamba zimepitia mikono mingi. Ndovu anapovunja ua usiku, fidia hutegemea fomu, na fomu hutegemea afisi iliyo mbali. Hakuna mtemi wa kupinduliwa. Kuna ramani, mkataba na faili. Dhuluma anayoifahamu kijana huyu haina sura, ilhali distopia aliyopewa na shule haiwezi kuisawiri dhuluma bila sura. Bokono anaanguka, Majoka wa Sagamoyo anaachwa peke yake na umati uliomfuata Tunu, watu wanashangilia. Ugavi wa maji baada ya shangwe, nani atafungulia bomba siku gani na kwa kanuni ipi, hausumbui sana waandishi wetu.

Ni haki tukiri kwamba udhaifu huu una historia. Waandishi wa kizazi hiki walilelewa kifasihi chini ya utawala ambao kweli ulikuwa na sura moja, tena sura hiyo ilikuwa kwenye kila sarafu na ukuta wa kila duka. Katama Mkangi, aliyetiwa kizuizini mwaka 1986, alipokuja kutoa Walenisi (1995) alimrusha Dzombo angani kwa chombo cha hukumu ili apate nafasi ya kuiwaza nchi nyingine. Katika mazingira kama hayo, kumvika dhalimu jina la kubuni kulikuwa njia ya kusema na kubaki hai. Lakini mbinu iliyozaliwa na hofu imegeuka kuwa mazoea ya utanzu.

Kwa maoni yetu, kazi inayomfaa zaidi msomaji wa Voi ni kongwe kuliko hizi zote: Kusadikika ya Shaaban Robert (1951). Tumezoea kuisoma kama ngano ya maadili, na pengine majina ya wahusika, Majivuno na wenzake, yametufanya tuidharau kidogo. Lakini tazama kosa la Karama. Hakuchochea ghasia wala hakutaka kiti cha mfalme. Alitaka kufundisha elimu ya sheria. Na utetezi wake wote ni kumbukumbu: anawasimulia wakubwa wa nchi habari za wajumbe sita ambao Kusadikika yenyewe iliwatuma, wakarudi na maarifa ya manufaa, wakafungwa. Karama anaisomea dola faili zake yenyewe. Huyu ni raia wa namna ambayo Mwelusi hakupata nafasi ya kuwa.

Taita iliwahi kuwa na raia wa namna hiyo. Mwishoni mwa miaka ya 1930 Woresha Mengo na wenzake wa Taita Hills Association walipeleka malalamiko ya ardhi kwa serikali ya kikoloni, katika enzi ambayo mwanamume Mwafrika alilazimika kuwa na kipande. Mwaka 1940 chama kilipigwa marufuku na viongozi wake wakazuiliwa. Wajumbe walirudi na habari, wakafungwa. Shaaban Robert angeliitambua hadithi hiyo mara moja.

Suala la kipande halijazeeka. Wamakonde wa pwani, ambao wazee wao walitoka Msumbiji kuja kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa, walitambuliwa kuwa raia wa Kenya mwaka 2016 tu. Usajili wa Huduma Namba ulipoanza 2019, mabishano yake yaliamuliwa mahakamani, Januari 2020 na tena Oktoba 2021, kwa hoja za sheria na ulinzi wa habari za mtu binafsi. Hilo lilikuwa uwanja wa Karama, wala halikuhitaji mtu kufa kisimani.

Shule nayo ina lawama yake. Mwanafunzi husoma mwongozo kabla ya kitabu, na mwongozo humwambia kwamba Bokono ni katili, mbinafsi na mwoga, alama moja kwa kila sifa akitoa mfano. Ukatili ukishagawanywa hivyo, humtisha nani? Karatasi ya tatu ya Kiswahili haijawahi, kwa kadiri ya uzoefu wetu wa kusahihisha, kumtaka mtahiniwa aandike barua ambayo Mwelusi angempelekea Mtemi kuhusu kisima: aidai kwa kanuni gani, amtaje nani kuwa shahidi, na asipojibiwa aipeleke wapi. Wengi wa watahiniwa hao hutimiza umri wa kitambulisho karibu na mwaka huo huo wa mtihani, na foleni ya kwanza wanayopanga kama raia huwa mbele ya dirisha la msajili, mikono ikiwa na wino, wakiulizwa jina la babu na mahali alipozikwa.