"Sumu Hai" au Sumu Yenye Makali?

Nimeletewa nikague tafsiri ya Kiswahili ya maelezo juu ya alfa-latrotoksini, sumu ya buibui aitwaye mjane mweusi, na namna inavyoundwa maabarani kwa uchunguzi wa mishipa ya fahamu. Mfasiri ni hodari, wala sina nia ya kumvunja moyo. Lakini kila mara ameandika "sumu iliyo hai", na hapo ndipo ninapoachana naye.

Yafaa kwanza kueleza jambo lenyewe. Jeni ya buibui hutiwa katika virusi viambukizavyo viwavi, navyo huingizwa katika seli za wadudu, mara nyingi zile zilizotokana na kiwavijeshi vamizi. Seli hizo ndizo ziundazo protini. Sasa mkulima wa mahindi wa Karatu, anayepigana na kiwavi huyo tangu alipoingia nchini mwaka 2017, akisoma kwamba wataalamu wanapata "sumu hai" kwa kiwavi, ataelewa nini? Bila shaka atawaza mdudu mpya mwenye kuuma. Protini haina uhai. Haili wala haizai.

Lugha yetu si maskini hata tukose neno. Ukiteremka kutoka nyanda za Ngorongoro hadi Ziwa Eyasi, utawakuta Wahadzabe ambao hupaka mishale sumu ya mimea. Kwa Kiswahili sumu hiyo twaiita kali, au twasema imekwisha nguvu; hatusemi imekufa. Wagiriama huiita sumu ya mishale utsungu, neno ambalo ni ndugu wa uchungu wetu. Sumu tumelipata kwa Waarabu.

Mwaka 1998 ilitangazwa latrotoksini iliyoundwa kwa njia hiyo, na pamoja nayo nyingine iliyopachikwa asidi amino 4 za ziada. Hii ya pili ilishika vipokezi vya seli kama mwenziwe, lakini haikuzifanya zimwage kemikali zipelekazo habari. Je, tuiite maiti? Kisu kisichokata si maiti, ni butu. Kwa hiyo ningeandika "sumu yenye makali" na "sumu butu". Mtu aweza kupendelea "kali" peke yake, ila neno hilo hutaja kiasi, na hapa swali ni kama makali yapo au hayapo.

Mengine nimeyaacha kama yalivyo, isipokuwa huyo "mjane mweusi", anayestahili mjadala wake.