Fonte Gaia: Chemchemi Inayolishwa na Matone

Mji wa Siena, katika jimbo la Toscana nchini Italia, umejengwa juu ya vilima visivyo na mto wa karibu, na kwa sababu hiyo Fonte Gaia, chemchemi iliyopo kwenye uwanja wake mkuu wa Piazza del Campo, haieleweki kwa kutazama marumaru yake pekee, ingawa ndiyo wageni wanayoipiga picha. Kazi kubwa ilifanyika chini ya ardhi, katika mahandaki yaitwayo bottini, ambayo mtandao wake wote una urefu wa takriban kilomita 25.

Waliochimba walisaidiwa na matabaka ya ardhi yenyewe. Juu pana mawe laini ya mchanga yanayopenyeza maji ya mvua, na chini yake pana udongo wa mfinyanzi usiopenyeza, hivyo maji yanayozama hukwama baina ya matabaka hayo. Handaki linapopitishwa ndani ya mchanga huo, juu kidogo ya udongo huo wa mfinyanzi, dari na kuta zake huvuja tone baada ya tone, na matone hayo hukusanyika katika gorello, yaani mfereji mwembamba uliotengenezwa sakafuni. Handaki, basi, halikuwa njia ya kusafirishia maji tu, bali lilikuwa chanzo chenyewe, na kadiri lilivyorefushwa ndivyo lilivyovuna zaidi.

Ugumu ulikuwa katika mteremko. Gorello ilihitaji kushuka takriban mita 1 kwa kila mita 1,000, kiasi ambacho macho hayawezi kukitambua gizani, kwani mteremko ukizidi maji hula sakafu, na ukipungua mchanga hutuama na kuziba njia. Isitoshe, kimo kilichopotezwa njiani hakikuweza kurudishwa, maana pampu haikuwapo. Chemchemi kongwe ya Fontebranda, inayotajwa tangu mwaka 1081, iko chini bondeni na watu waliiteremkia. Maji ya Campo yalitakiwa kutokeza juu zaidi, katikati ya mji. Njiani yaliwekwa mabirika ya kutulizia maji, yaitwayo galazzoni, ili mchanga na chokaa vibaki humo.

Maji yalifika uwanjani mwanzoni mwa miaka ya 1340, lakini michongo iliyoipa chemchemi sifa ilikamilishwa na mchongaji Jacopo della Quercia mwaka 1419, zaidi ya miaka 70 baadaye. Marumaru hiyo ililiwa na hali ya hewa, na mwaka 1868 nafasi yake ikachukuliwa na nakala ya mchongaji Tito Sarrocchi, ambayo iliacha sanamu mbili za wanawake zilizokuwamo katika kazi ya awali. Vipande asilia sasa vimehifadhiwa katika makumbusho ya Santa Maria della Scala. Tangu mwanzoni mwa karne ya 20 mji hunywa maji ya Mlima Amiata, ila chemchemi yenyewe bado hulishwa na handaki lilelile la karne ya 14.