Mpini wa Kijiko na Nyasi za Kunukia

Chombo chenyewe ni mpini wa kijiko cha chai. Kichwa cha kijiko kimekatwa, ncha ya mpini imepigwa tupa hadi ikawa bapa na laini, na mikono imeushika miaka mingi ukapata mng'ao ambao dukani haukuwa nao. Msusi wa vikapu wa Mount Pleasant, jimboni South Carolina, hatumii sindano wala mashine. Kwa mpini huo hufungua nafasi finyu katika mzunguko wa nyasi uliotangulia, hupenyeza utepe wa jani la palmetto, mti wa jamii ya mitende, huvuta, hukaza, halafu hufungua nafasi nyingine. Mtazamaji mgeni hudhani hapa hakuna kinachotokea. Akizubaa kidogo na kugeuka tena, hukuta kitako kimetimia na mzunguko umeanza kupanda kuwa ubavu wa kikapu.

Watoto huiona kazi hii upesi kuliko wakubwa. Mtu mzima huuliza bei, huuliza inachukua muda gani, hupiga picha, huenda. Mtoto huangalia vidole. Akiachiwa nafasi husogea mpaka kidevu chake kinagusa meza, na hapo ndipo msusi anayeijua kazi yake humpa nyasi chache azishike, azinuse kwanza.

Kwa zaidi ya nusu karne, mahali pa kuzishika nyasi hizo bila kulipa hata senti pamekuwa uwanja wa National Mall jijini Washington, kati ya jengo la Bunge la Marekani na Mnara wa Washington. Karibu kila kiangazi, siku zinazozunguka Julai 4, taasisi ya makumbusho ya Smithsonian hupiga mahema hapo kwa ajili ya tamasha lake, Smithsonian Folklife Festival. Hakuna tiketi wala lango. Hewa huwa nzito na yenye unyevu kama ya Dar es Salaam mwezi Februari, na bado familia huja na watoto mabegani, maji ya kunywa mkononi, kusikiliza ngoma katika hema moja na kujaribu kufinyanga au kusuka katika jingine.

Haikuwa hivyo tangu zamani. Smithsonian, iliyoanzishwa mwaka 1846, ilijulikana kwa makabati ya vioo. Mwaka 1964 ilipata kiongozi mpya, S. Dillon Ripley, bingwa wa elimu ya ndege, ambaye alitaka ala za muziki zitolewe makabatini zipigwe, watu wazisikie. Mwaka 1967 alileta bembea ya farasi wa mbao izunguke na watoto mbele ya majengo yale mazito, na Julai mwaka huohuo akaruhusu tamasha la kwanza. Aliyetafuta mafundi alikuwa Ralph Rinzler, mpiga mandolini aliyekwisha kupita vijiji vingi vya milimani na mabondeni akitafuta wanamuziki na mafundi ambao miji ilikuwa imewasahau. Tamasha hilo la siku 4 lilikuwa na mafundi 58 wa kazi za mikono na vikundi 32 vya muziki na ngoma. Msusi wa Mount Pleasant alikuwa miongoni mwao.

Kikapu alichokuwa akishona kilikuwa na umri mkubwa kuliko taifa lililomwalika. Waafrika waliouzwa South Carolina kuanzia mwisho wa karne ya 17 walitiwa katika mashamba ya mpunga, na wengi wao walitoka katika nchi za Afrika Magharibi ambako mpunga ulilimwa na ungo ulijulikana. Wakashona ungo. Mpana, wenye ukingo mfupi, wa matete magumu ya kinamasi, wa kurushia mpunga uliotwangwa ili upepo uchukue makapi. Mwanamke wa Kyela au wa Mwea akiwekewa ungo huo leo hatahitaji maelezo, atapepeta. Kazi ya matete ilikuwa zaidi ya wanaume. Vikapu vya nyasi laini za kunukia, vya kuwekea mkate, maua na nyuzi, vilishonwa zaidi na wanawake, na ndivyo vilivyodumu baada ya mashamba ya mpunga kufa.

Mwaka 1916 mfanyabiashara wa Charleston alianza kuvinunua kwa wingi. Daraja la mto Cooper lilipofunguliwa mwaka 1929 na magari yakaanza kupita Mount Pleasant, wanawake waliweka viti na vibanda kandokando ya barabara kuu, wakauza wenyewe bila dalali. Vibanda hivyo vipo hadi sasa kwenye barabara namba 17. Mwaka 2006 jimbo likatangaza kikapu hicho kuwa kazi yake rasmi ya mikono, na mwaka 2008 msusi Mary Jackson alitunukiwa tuzo ya MacArthur, ambayo Wamarekani huwapa watu wa vipaji vya pekee. Miaka 2 baadaye, Makumbusho ya Taifa ya Sanaa za Afrika, ambayo nayo iko ukingoni mwa National Mall na haina kiingilio, ilipanga vikapu vya South Carolina pamoja na ndugu zake wa Afrika. Aliyepita pale aliona ukoo mmoja bila kusoma vibao.

Lakini ndani ya kioo kikapu hakifundishi. Huonyesha kwamba kuna mtu aliyeweza, basi.

Linaloleta heshima ya pekee kwa mafundi wanaokaa mahemani ni ufundi wa pili walio nao, ambao hauandikwi katika vitabu vya sanaa: ufundi wa kuonyesha kazi. Kikapu huanza na fundo. Nyasi chache hukunjwa, hufungwa, na kutoka katika fundo hilo mzunguko wa kwanza huzaliwa. Ndiyo sehemu ngumu kuliko zote, maana fundo likilegea kikapu kizima hupinda. Katika familia za Mount Pleasant ilikuwa desturi mama au bibi kumwanzishia mtoto, akamfungia fundo na kumshonea mizunguko michache, kisha akamwachia aendelee pembeni yake. Mtoto hakuanza na lililo gumu. Alianza na linalowezekana, huku lile gumu likifanyika mbele ya macho yake kila siku mpaka mikono ikalitamani.

Desturi hiyohiyo hufaa hemani. Fundi huanzisha, humpa mtoto wa mgeni, humwacha akosee. Haufungui mshono mbaya upesi. Huutazama, hushona wake kando yake, na mtoto mwenyewe hulinganisha. Mzazi aliyesimama nyuma hutaka kusaidia, hunyoosha mkono, na fundi humzuia kwa macho tu. Kuna uvumilivu hapo ambao watu wa semina za vyeti na picha za pamoja hawaujui. Unahitaji saa isiyo na haraka na mtu ambaye kazi imemwingia kiasi kwamba anaweza kuifanya, kuieleza na kumwangalia mtoto wa mtu, yote kwa pamoja, siku nzima, kwenye joto.

Shule zilijaribu pia. Shule ya Penn, iliyoanzishwa mwaka 1862 katika kisiwa cha St. Helena, South Carolina, kwa ajili ya watu waliotoka utumwani, iliwafundisha wavulana vikapu vya matete mapema katika karne ya 20, na kwa miaka mingi vikauzwa. Shule ilipofungwa, usukaji wa kisiwani ukafifia. Kwenye viti vya barabarani Mount Pleasant, kwa akina mama na binti zao, ukaendelea. Tofauti haikuwa ubora wa mafunzo. Penn ilikuwa na ratiba, na Mount Pleasant ilikuwa na bibi.

Mwaka 2014 zamu ilifika kwetu. Kenya na China zilikuwa nchi za tamasha, na sehemu ya Kenya ikapewa jina la Kiswahili, Mambo Poa! Kwa siku 10 mafundi wa Kenya walikaa kwenye mahema yaleyale, na watoto wa Washington wakapata kuuliza na kugusa. Kabla yao, mwaka 2005, Oman, yenye udugu wa kale na pwani yetu, ilikuwa imeketi papo hapo. Na kiangazi cha 2018 sanaa za Waswahili zilipewa maonyesho yake katika jumba lile la sanaa za Afrika, na baadhi ya vitu vilisafiri kutoka hazina za makumbusho za Kenya. Ni fahari, na inastahili kutajwa. Ila fahari hiyo ina uchungu ndani yake, kwa sababu mtoto wa Maryland aliweza kumkaribia fundi wa Kenya bure, na mtoto wa Kongowea au Temeke hana kiangazi cha namna hiyo.

Kwetu usukaji hauna nyasi za kunukia, una ukindu. Majani hukatwa, huanikwa, huchanwa, mengine huchemshwa na rangi, kisha vidole huanza kusuka ukili, utepe mrefu usiokwisha. Zamani mwanamke wa Pemba au wa Lamu alisuka huku akizungumza, akipokea wageni, akimkanya mtoto, na ukili ukirefuka mapajani pake bila yeye kuutazama. Ukishapatikana wa kutosha hushonwa ubavu kwa ubavu kwa shazia, sindano nene ya kushonea mikeka, ukawa mkeka wa harusi, msala, au mkeka wa kulazia maiti. Mtu alipokelewa duniani juu ya kazi ya mikono ya jirani yake, na juu yake akaagwa.

Msichana alijifunza kwa kukaa tu. Hakuna aliyemwita darasani. Aliokota vipande vya ukindu vilivyoanguka, akasuka kijiukili kisichofika popote, akachekwa, akarudia. Kitako cha kawa ya kufunikia chakula kilimshinda mara nyingi kabla hakijakubali.

Sasa baraza nyingi zina mkeka wa plastiki uliotoka kiwandani, unaooshwa kwa bomba na kupauka kabla ya mwaka kwisha. Kenya ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki mwezi Agosti 2017, na Tanzania ikafuata Juni 2019, kulikuwa na nafasi ambayo msusi hajawahi kuipata. Mamilioni ya watu waliamka asubuhi hawana cha kubebea sokoni. Kikapu kilikuwepo, kikainuka kidogo, halafu mikoba ya kitambaa cha viwandani ikajaa madukani na watu wakaendelea na safari. Hakuna aliyekusudia ubaya. Tuliacha tu, kwa kuwa kuacha kulikuwa rahisi.

Huko Marekani nako mambo yanapungua. Mwaka 1976, wa jubilei ya miaka 200 ya uhuru wa Marekani, tamasha la Washington liliendelea majuma 12, kiangazi kizima, na tawi lake la Waafrika waliotawanyika duniani lililojengwa na mwanamuziki na mwanahistoria Bernice Johnson Reagon. Mwaka 2014 zilikuwa siku 10. Mwaka 2024, na tena 2025, siku 6. Huko Mount Pleasant kwenyewe, ufuo na visiwa ambako nyasi ziliota vimejengwa hoteli, nyumba za matajiri na viwanja vya gofu vyenye uzio, na wasusi husafiri hadi Georgia na Florida kutafuta nyasi au huzinunua kwa walioenda. Magari ya barabara namba 17 yamekuwa mengi na ya kasi, na si rahisi tena kusimama kwenye kibanda. Kikapu kizuri huuzwa mamia ya dola, na bado mpita njia huguna kwa bei. Mtoto aliyeshona nusu mzunguko kwa mpini wa kijiko haguni, maana ameshajua nusu hiyo ilimgharimu nini.

Pwani yetu ina makumbusho yake: Fort Jesus mjini Mombasa, ngome ya Lamu, Makumbusho ya Kijiji jijini Dar es Salaam yenye nyumba za jadi zinazotaka watu ndani yake. Likizo ya Desemba ni ndefu, na watoto wengi huimaliza mbele ya skrini au kwenye tuisheni. Linalohitajika si jukwaa wala wageni rasmi wenye hotuba. Ni Jumamosi kadhaa za mlango usiodai tiketi, kivuli, mafungu ya ukindu uliokwisha kuchanwa, shazia chache, na nauli na posho ya haki kwa wanawake wa Pemba, wa Faza, wa Mafia, ambao bado wanajua kumwanzishia mtoto ukili na kumwachia aendelee.