Ungo wa Mwanga

Jioni moja ya Januari, huku Nyarugenge, Kigali, nilikaa nyuma ya kijana anayesoma fizikia, nikimtazama akitafuta nukta. Hafungui picha moja. Hufungua kadhaa za kipande kilekile cha anga, zilizopigwa na darubini ya James Webb kupitia vichujio mbalimbali. Katika kimoja nukta inawaka. Katika kinachofuata, giza. Hapo ndipo anapoinamia kioo. Haidrojeni imeukata mwanga wa galaksi ile kwa kumeza sehemu yake, na kadiri galaksi ilivyo mbali, ndivyo mkato huo unavyosogea kwenye wekundu. Galaksi za mwanzo hutambuliwa kwa pale zisipoonekana.

Nilimkumbuka bibi yangu kule Ngara, akichambua maharagwe. Alikaa mlangoni, ungo ukielekea jua. Aliurusha mara mbili, akautuliza, kisha vidole vikaanza kutembea. Kulikuwa na kokoto zilizofanana na harage kwa rangi na umbo, hata sisi wenye macho mapya tukazipita. Yeye alisita. Hakuitupa kokoto kwa kuishuku tu. Aliiokota, akaipima uzito kiganjani, ndipo akaamua. Mchana mzima ungeweza kwisha hivyo, wala hakuna aliyemharakisha.

Pupa niliiona mwaka 2022, picha za kwanza za Webb zilipotoka. Galaksi moja, CEERS-93316, ilisemekana kuwa ya miaka milioni 250 hivi baada ya Mlipuko Mkuu. Wapo watafiti walioonya mapema. Mwaka 2023 mwanga wake ulitandazwa rangi kwa rangi, ikabainika ni ya zaidi ya miaka bilioni moja baada ya mlipuko huo: vumbi na gesi inayowaka viliuiga mkato ule. Waliochambua walifanya kazi yao. Sisi wasomaji ndio tulioshangilia kokoto, na habari ya uchambuzi tukaipita bila kuisoma. Kwenye ungo uleule ilibaki galaksi ya Maisie, iliyopewa jina la binti wa mtafiti, ya miaka milioni 390. Mwaka 2024 ikaja JADES-GS-z14-0, ya milioni 290, angavu kupita matarajio yote.

Tulipotoka, taa zilikuwa zimefunika vilima vya Kigali. Nikatafuta Kilimia, kile kikundi cha nyota, nikakikosa. Kijana akaniuliza ndicho nini. Mwanga uliosafiri zaidi ya miaka bilioni 13 anaufahamu. Nyota hizo ambazo bibi alizitazama kabla ya kushika jembe, hakuna aliyewahi kumwonyesha kijana huyu.