Barua ya Noeli ya Askofu Mkuu Kataliko

Ziko barua za maaskofu zinazosomwa kanisani Dominika moja, halafu zinawekwa katika kabati la sakristia. Barua ya Noeli ya mwaka 1999, ambayo Askofu Mkuu Emmanuel Kataliko aliwaandikia Wakristo wa Bukavu, haikupata usingizi wa namna hiyo. Tarehe 12 Februari 2000 watu wa RCD, waliotawala mji ule kwa bunduki na kwa msaada wa Rwanda, walimkatalia kurudi kwake. Akapelekwa Butembo, katika jimbo alilolichunga tangu 1966 hadi 1997. Kwetu alikuwa baba aliyerudi nyumbani. Kwa wakubwa wale alikuwa mtu aliyefungiwa mbali. Miezi saba akakaa hivyo.

Tuitazame basi kama maandishi. Ni fupi. Inaanza na neno la nabii Isaya la kuwafariji watu wa Mungu, na mtu angedhani atapata faraja nyepesi ya sikukuu. Sivyo. Upesi Baba Askofu anasema kwamba wageni wenye nguvu, pamoja na baadhi ya ndugu zetu Wakongo, wanapiga vita kwa mali ya nchi yetu, mali ambayo ingesomesha watoto na kuponya wagonjwa. Kisha anakuja kwenye kodi, na hapo naisifu kalamu yake. Hasemi habari za wafanyabiashara wakubwa na viwanda tu. Anamtaja na mama anayeishi kwa biashara yake ndogo.

Nani kati yetu hamjui mama yule? Yupo sokoni na karai lake la makayabu au mafungu yake ya maharagwe, na mbele yake amesimama kijana mwenye bunduki. Kijana huyo pengine jana hakuwa na viatu. Leo hakuna wa kumwuliza neno: hakuna hakimu, hakuna risiti, hakuna mkubwa wa kumshitaki kwake. Siku ya kwanza anaomba kwa haya. Siku ya pili anachukua. Baadaye akikuta karai ni tupu anakasirika, kana kwamba ni yeye aliyeibiwa. Barua haisemi hayo yote. Ni mimi ninayeyaongeza. Lakini neno lile moja juu ya mama ndilo lililonifungulia mlango.

Sehemu iliyo nzito kuliko zote haiwahusu wenye bunduki. Baba Askofu anageuka, anatutazama sisi. Anasema wako wenzetu walioharibika moyo hata kumtoa ndugu yao kwa noti ya dola 10 au 20. Angeweza kusema “kwa fedha”, nasi tungeitika Amina bila kuumia. Yeye alitaja bei. Twaona hapo jambo ambalo wengi wanaoandika juu ya watawala wabaya wanalisahau: utawala usio na mpaka hauozeshi moyo wa mtawala peke yake. Yule aliye chini naye anajifunza kutafuta aliye chini yake zaidi.

Ningependa kama angetukumbusha habari ya Naboti. Mfalme Ahabu alilitamani shamba la mizabibu, na Yezebeli akaandika barua kwa muhuri wa mfalme. Lakini waliompeleka Naboti kupigwa mawe walikuwa watu wa mji wake, nao wazee waliotii barua ile walikaa pamoja naye. Maandiko hayasemi hata kwamba walilipwa kitu.

Nina neno moja la kulaumu. Pale anaposema juu ya wageni, hataji ni wa nchi gani. Bukavu kila mtu alijua, na labda ilikuwa busara. Lakini mtoto atakayeisoma baada ya miaka 50 atahitaji mwalimu kando yake.

Dawa anayoitoa si silaha. Injili inatuambia tukatae njia hiyo, anasema, naye yu tayari kusimama na wanaoonewa hata kumwaga damu. Anamtaja Askofu Mkuu Munzihirwa aliyemtangulia. Neno hilo halikuwa pambo, maana Munzihirwa aliuawa Bukavu tarehe 29 Oktoba 1996.

Kataliko alirudi kwa watu wake tarehe 14 Septemba 2000, akafa Roma tarehe 4 Oktoba mwaka uleule.

Sisi wa Beni, tangu Oktoba 2014, tumezika watu wengi mno, wa mjini na wa vijijini. Tukikaa baada ya maziko kuzungumza juu ya wauaji, tunauliza wametoka wapi, nani aliwatuma, nani aliwapa bunduki. Juu ya ile noti ya dola 10 tunanyamaza, na kila mtu anatazama miguu yake.