Basi Likikwama Nani Anachekwa? Uhakiki wa Visa vya Safari Mbulu na Hanang

Wahenga walisema msafiri kafiri. Darasani msemo huu tunautumia kueleza shida anazozipata mtu akiwa njiani, basi tunaishia hapo. Mimi nataka kuuliza la mbele yake: akishafika salama, msafiri huyu anamsimulia nani, na katika simulizi yake anamcheka nani? Makala haya yanahusu visa vya safari, yaani hadithi fupi za mikasa ya basi na lori, kama zinavyosimuliwa katika wilaya za Mbulu na Hanang. Hoja yangu ni kwamba visa hivi ni fasihi kamili. Ila kwa kuwa hatuvihakiki, tumeviacha vibebe dharau ambayo kwenye riwaya tungeikemea.

Tuanze na fani. Anayeifahamu njia ya kupanda kutoka Dareda kwenda Dongobesh wakati wa masika hana haja ya kuelezwa mandhari. Upande mmoja ukuta wa Bonde la Ufa, upande wa pili korongo, na katikati basi lililojaa magunia ya vitunguu saumu, kuku waliofungwa miguu na watoto waliopakatwa na watu wasiowajua. Gurudumu likizama, konda anapaza sauti: "Wanaume wote chini!" Utingo anatafuta jiwe la kuzuia tairi. Wengine wanakata matawi, wengine wanatoa ushauri tu. Ikifika usiku, moto unawashwa, mahindi yanachomwa, na hapo ndipo msimulizi anapojitokeza.

Msimulizi huyu ana kanuni zake. Huanza na gari (lilikuwa bovu tangu stendi), hufuata dereva (alionywa, hakusikia), halafu tope, halafu abiria mmoja ambaye ndiye kitovu cha kichekesho. Hadhira huingilia kati, husahihisha jina la mlima, huongeza chumvi. Mtambaji wa hadithi za sungura na fisi hana zaidi ya hayo. W. D. Kamera alitukusanyia ngano katika Hadithi za Wairaqw wa Tanzania, na slufay, maombi yetu ya kupokezana, nayo imeandikwa na watafiti. Kisa cha basi hakijapata heshima hiyo. Tunakiita "stori" tu.

Sasa tuje kwenye maudhui, maana hapa ndipo penye jambo. Abiria wa kuchekwa ni yupi? Katika visa nilivyokulia, karibu kila mara ni "Mmang'ati". Kuna kisa ambacho kila mtoto wa kwetu anakijua: mzee mwenye mgolole na fimbo anapanda basi kwa mara ya kwanza, anavua makatambuga yake mlangoni kwa heshima, anayaacha chini, na akishuka Katesh anashangaa hayapo. Nimekisimulia kisa hiki mwenyewe, bwenini, na nikapigiwa makofi. Kifani ni kizuri mno: kifupi, hakina neno la ziada, na mwisho wake unakuja ghafla.

Lakini hebu tukihakiki kama tunavyohakiki maandishi mengine. Jina lenyewe kwanza. Mang'ati ni jina la kupewa, kutoka kwa Wamaasai, lenye maana ya adui. Wenyewe ni Wabarabaig, tawi la Wadatoga. Pili, mhusika huyu hana sauti. Hasemi neno isipokuwa lile la kijinga. Tatu, na hili ndilo kubwa, kisa kinamchora kama mtu asiyejua kusafiri. Jamani! Mfugaji wa Hanang, anayehamisha ng'ombe kwa majira kufuata maji, majani na chumvi, ndiye asiyejua kusafiri?

Historia inatujibu vibaya. Katika miaka ya 1970 na 1980 shirika la umma la NAFCO, kwa msaada wa Kanada, lilifungua mashamba makubwa ya ngano katika nyanda za Basotu. Malisho yakalimwa, na njia za mifugo zikalimwa pamoja nayo. Kijiji cha Mulbadaw kilikwenda mahakamani. Mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikaipa NAFCO ushindi. Kwa hiyo wakati sisi tunacheka makatambuga yaliyoachwa mlangoni, mwenye makatambuga alikuwa amenyang'anywa njia.

Hili sikulijua kwa kusoma kwanza. Usiku mmoja tulikwama, na mimi nikiwa kwenye kilele cha kisa changu nikagundua kwamba mzee mmoja wa Kibarabaig amekaa ng'ambo ya moto, anasikiliza. Nilinyamaza kwa aibu. Yeye akasema taratibu, kwa Kiswahili chake: "Nyie mmekwama usiku mmoja. Sisi ng'ombe wetu walikwama, na hapakuwa na tope. Palikuwa na ngano." Hakuna aliyecheka. Kumbe hicho nacho kilikuwa kisa cha safari, tena bora kuliko changu.

Pengine mtu atasema: kicheko ni kicheko, mbona unatunyima raha? Sikubaliani naye, wala sitaki tuache kucheka. Tazama wenzetu wa mbali. Jerome K. Jerome, katika Three Men in a Boat (1889), anasimulia safari ya mashua kwenye mto Thames, na mikasa haiishi: wana kopo la nanasi, kifungulio hawana. Lakini anayechekwa ni msimulizi na rafiki zake. Na L. T. C. Rolt, katika Narrow Boat (1944), anaeleza safari aliyoianza mwaka 1939 na mkewe kwenye mifereji ya Uingereza, ndani ya boti lake Cressy. Boti hizo upana wake ni kama futi 7 tu. Familia za mabaharia wa mifereji zilipika, zikalala na kulea watoto katika chumba kidogo cha nyuma, na watu wa nchi kavu waliwadharau. Rolt aliwasikiliza, akaandika ustadi wao. Hiyo ndiyo tofauti kati ya kisa kinachomwona msafiri mwenzake na kisa kinachomtumia.

Tope nalo si la kuchekwa siku zote. Tarehe 3 Desemba 2023 maji, mawe na matope yalishuka kutoka mlima Hanang yakaifunika sehemu ya Katesh, na watu zaidi ya 80 wakafa. Tangu hapo nimeona wasimulizi wakifika kwenye neno tope wanapunguza sauti. Fasihi simulizi inajua kujirekebisha pale msimulizi anapokumbuka kwamba aliyepatwa yupo, anasikia.

Kwa kumalizia, natoa mapendekezo mawili. Idara zetu zitutume kukusanya visa hivi stendi na njiani, kwa Kiiraqw, Kidatoga na Kiswahili, kabla lami haijavimaliza. Na sisi wanafunzi, kila tukikichambua kisa, tuulize kwanza: mwenye kuchekwa angekuwa ameketi hapa motoni, tungekisimulia hivihivi? Mimi kile cha makatambuga nimekiacha. Cha ngano ndicho ninachokisimulia siku hizi.